Tulipima Mwendo, Tukapata Heshima

Vijana, kama mutaniona ku barabara ya Mudzipela, mutaa wetu, ninatembea polepole, musinihurumie. Siko mugonjwa, niko nasalimia watu. Mutu wa umri wangu akipita mbio mu Bunia, mbele hajafika ku kona watu wamekwisha kumuuliza nani amekufa. Jambo hilo dogo, lenye kila mutoto wa hapa analijua, lilitaka kutuulia utafiti muzima. Ninyi wenye munaingia sasa mu kazi yetu, nataka mulibebe kichwani mbele ya kugusa mugonjwa wa kwanza.

Miye nilikuwa kine. Mpaka leo watu wananiita Mama Kine, hata ku kanisa, hata wenye hawajui kine ni nini. Mama moja aliwahi kuniuliza kama Kine ni mutoto wangu wa kwanza. Nikamujibu ndiyo, na ananisumbua kuliko wote. Kazi ya kine ni kurudishia mutu mwendo wake: mwenye alivunjika, mwenye alipooza upande moja, mwenye mugongo unamukatalia. Nilianza zamani, wakati tulikuwa tunapima nguvu ya mukono kwa kumuambia mugonjwa afinye kidole chetu. Ukisikia maumivu, unaandika: nguvu iko. Leo muko na mashini ya kufinya yenye inatoa namba. Muzuri sana, niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini mashini ile haijui kama mutu amefinya na nguvu yake yote, ao amefinya na adabu.

Kitu chenye kilinikasirisha miaka yote ya kazi ni maneno mawili: ni uzee. Mama analeta goti lake linauma, anaambiwa ni uzee. Baba anashindwa kuondoka ku kitanda, ni uzee, arudi nyumbani apumuzike. Siye wenyewe wa hospitali njo tulikuwa wa kwanza kusema vile. Ni maneno ya kufunga mulango. Mugonjwa anarudi kwake, anakaa ku kiti, anangojea.

Njo maana siku Munganga Imani, daktari wetu, alinikuta mu chumba cha mazoezi, nilisikia sawa mutu amenifungulia dirisha. Imani alikuwa ametoka masomoni, kijana mwembamba, mwenye kusema na mikono. Alikuwa anasoma mambo ya uzee, namna mwili unazeeka kutoka ndani.

"Mama Kine, uzee siyo hukumu," akaniambia. "Ni kazi yenye inafanyika mu mwili kila siku, na kazi hiyo tunaweza kuigusa."

Akaanza kunifasiria. Mu mwili wa mutu kuko vyumba vidogo vidogo, ndizo seli, na kila seli iko na mbabula zake, majiko madogo ya kutoa nguvu. Miaka ikipita, mbabula zingine zinaanza kutoa moshi kuliko moto. Tena kuko seli zenye zimechoka, zimeacha kazi, lakini zinakataa kufa. Zinakaa pale sawa mugeni mwenye amekula, amelala, haendi kwao, na zaidi anagombanisha wenye nyumba. Ugomvi ule njo unaharibu misuli, na misuli ikiharibika mutu anaanguka.

"Na wageni hao munawafukuza namna gani?" nikamuuliza.

"Kule mbali wanajaribu dawa, bado hatujui mwisho wake. Siye tutaanza na kitu chenye kinajulikana. Misuli ukiipa uzito wa kubeba na chakula cha kuijenga, inaamuka, hata ya muzee sana. Lakini kinajulikana mu vitabu, Mama Kine. Nataka kuona kama kitafika mpaka ku mama wa Mudzipela, na maharagi ya soko yetu, na kiti chenye anakaliaka kwake."

Siku ile nilirudi nyumbani ninasema peke yangu njiani. Nilikuwa karibu kuingia pansio, wenzangu walikuwa wanahesabu siku za kupumuzika, na miye nilikuwa na furaha sawa mutu mwenye ameandikwa kazi jana.

Tukaita wazee ku baraza ya hospitali. Imani akafasiria vizuri, seli, mbabula, wageni. Alipomaliza, Muzee Ramazani akaondoka ku kiti. Huyu alichimba dhahabu ujana wake wote kule pande za Nia-Nia, na magoti yake aliyaacha mu mashimo. Akajisimamisha na fimbo, akasema: "Munganga, munataka kutuongezea miaka? Miaka tuko nayo mingi. Mutuongezee magoti."

Baraza yote ikacheka, na Imani akacheka kuliko wote. Tangu siku ile, akikuja mugeni kuuliza tunafanya nini, Imani alikuwa anajibu kwamba tunaongeza magoti mu miaka yenye iko. Sijasikia bado mutu kuifasiria vizuri kupita hapo.

Sasa nimulete Mama Kavira, juu bila yeye nisingekuwa na kitu cha kuwaambia. Yeye na mume wake walitoka Butembo zamani kuja kufanya biashara Bunia. Mume akafa, yeye akabaki na parseli yake, nyumba na kiwanja, Mudzipela, na meza ya makayabu, samaki ya chumvi, mbele ya mulango. Anakaa ku kiti kifupi cha mbao, kile cha kupikia, na kiti kile njo kilikuwa adui yake. Akisha kusimama ni sawa. Kuondoka njo shida: alikuwa ameanguka mara na mara, siku moja akalala chini mpaka jirani alipokuja kununua samaki.

Mutoto wake Paluku, mwenye yuko na duka kule Komanda, akakata shauri. Maharagi yakivunwa, atakuja kumuchukua mama, na nyumba atapangisha watu. Musimukasirikie Paluku. Alikuwa anaogopa kupigiwa simu ile yenye kila mutoto anaogopa. Hata miye ningeogopa.

"Mama Kine," Mama Kavira akaniambia, "kwa Paluku nitakula muzuri, muke wake ni mutu wa roho nzuri. Lakini nitakuwa mugeni mpaka kufa. Hapa hata kuku za jirani zinajua sauti yangu. Nisaidie niondoke ku kiti peke yangu. Ni hiyo tu."

Nikamuambia tutajaribu. Sikumuambia tutaweza. Na ninyi mushike hapo: mutu wa utafiti hauzi ahadi.

Mbele ya mazoezi ilikuwa lazima kupima mwendo. Mwendo wa muzee unasema mengi sana, sawa vile joto ya mwili inasema kwa mutoto: mwenye mwendo wake umeshuka, mara nyingi kuko kitu kingine ndani chenye kinashuka nao. Kwa hiyo tulichora musitari hapa na musitari kule ku baraza, mutu anatembea katikati, siye tunashika saa. Karatasi ya maagizo, yenye ilitoka Kinshasa kwa wakubwa wa utafiti, ilikuwa mu Kifaransa. Tukaitafsiri na uangalifu mukubwa. Moja aliitia mu Kiswahili, mwingine akairudisha mu Kifaransa bila kuona ya kwanza, na zikalingana kabisa. Tuliona tumemaliza kazi. Maneno yalikuwa haya: "Tembea sawa unatembeaka siku zote."

Loo. Wazee wakatembea.

Mama Kavira alikuja na kitenge kipya na kilemba. Akaanza ku musitari wa kwanza, akafika katikati, akaona muforomo, muuguzi wetu mwenye kushika saa, akasimama. "Mutoto yangu, uko muzima? Na nyumbani? Na mama yako, mugongo?" Saa inaenda. Akaendelea, akanisalimia miye, akasalimia munganga, akafika mwisho mupole sawa askofu siku ya kubariki. Nyuma yake Muzee Ramazani, mikono mugongoni, fimbo chini ya kwapa. Nikamuchokoza: "Muzee, kesho utafika?" Akanijibu bila kugeuka: "Mwenda pole hajikwai." Wote vile vile. Kulikuwa hata mama moja mwenye nilimuona na macho yangu wiki ile anafukuza mbuzi ya jirani mu mihogo yake, na mbuzi ilishindwa.

Tukatuma namba Kinshasa. Jibu likarudi: watu hawa ni zaifu sana. Sheria ya usalama ilikuwa inakataza kumubebesha uzito mutu mwenye mwendo wake uko chini ya kipimo, na chini ya kipimo walikuwa karibu wote. Kama Bunia haina wazee wenye kufaa, utafiti utaenda muji mwingine. Mama Kavira alikuwa kati ya wenye wametolewa.

Imani akasoma jibu lile mara ya pili. Halafu akasema: "Twende siye wawili tumuambie. Asisikie mu njia."

Tulimukuta ku kiti chake kifupi, meza ya makayabu mbele yake, na mihogo yake imeanikwa ku shitingi, turubai ya plastiki, mu kiwanja, nyeupe, karibu kukauka. Alifurahi kutuona, akaagiza viti kwa jirani. Imani akaanza kuzunguka maneno, sawa vile waganga wanafanyaka wakiwa na habari mbaya. Mama akamukata: "Munganga, sema. Mutoto wangu ameshanunua kamba za kufunga matera yangu ya kulalia ku pikipiki."

Wakati ule upepo ukabadilika. Munajua mvua yetu, haibishi hodi. Tone la kwanza likaanguka ku bati, Mama Kavira akageuza kichwa kuangalia mihogo. Kuondoka ku kiti kulimutesa kweli, akatia mikono ku magoti, akarudi chini, akajaribu tena na nguvu zote. Lakini alipokuwa juu, jamani, mama yule akapita katikati yetu mbio mpaka ku shitingi, akashika ncha, akatuita: "Munaangalia nini? Shikeni ule upande."

Tukashika. Tulipoingia ndani na mihogo, wote watatu tumelowa, Imani alikuwa anamuangalia sawa vile mutu anaangalia simu yenye ilikuwa imezimika na imejiwasha yenyewe.

"Mama," nikasema, "na juzi ku hospitali ulikuwa unaota?"

"Ku hospitali muliniambia nitembee."

"Ndiyo, utembee."

"Sasa nilitembea. Mutu anatembea kwenda kusalimia watu. Uliona wapi mutu anaenda kutembea kwa watu na anapita mbio? Mbele ya munganga, miye mukubwa, nikimbie sawa mwizi?"

Halafu akapunguza sauti. "Na mu nchi hii, Mama Kine, unajua. Wazee wakianza mbio, watoto wanafunga mizigo."

Kila mutu mu nyumba ile alikuwa amekimbia vita siku moja ao siku nyingi, na hakuna mwenye alihitaji kuambiwa wapi. Kisha Imani akajipiga kofi ku paji la uso, akaanza kucheka mpaka machozi. "Nyanya yangu," akasema. "Nyanya yangu mwenyewe anatembeaka vile, na ninamulalamikia kila Yenga tukienda kanisani. Tumepima heshima, Mama Kine. Saa yetu yote tumepimia heshima."

Nilisikia furaha yenye kuuma. Mama Kavira hakuwa zaifu wa mwendo hata kidogo. Alikuwa zaifu wa kiti, na kiti njo kitu chenye tulikuwa tunakuja kutengeneza.

Imani akaandikia Kinshasa usiku ule ule, akaomba tupime mwendo wa haraka, ambao ni kipimo kingine chenye kinajulikana. Lakini tutumie neno gani? Tulijaribu "tembea haraka", Muzee Ramazani akatujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Tulijaribu "kimbia", mama moja akakaa chini na kukataa kabisa, na tukamuelewa. Mwisho tukasema kile chenye mvua ilitufundisha: "Pita sawa mvua inakuja na mihogo iko inje."

Muzee Ramazani akapinga kwamba mihogo ni kazi ya wanawake. Lakini alipita, na alipita vizuri. Nikamuuliza sababu. "Mihogo ikilowa," akasema, "miye njo ninalala njaa."

Kinshasa wakakubali, na sharti moja: maneno yawe yale yale, na sauti ile ile, kwa kila mutu. Hapa vijana munisikie vizuri, juu hapa njo munaharibiaka. Muforomo wetu moja, mwenye roho ya upendo sana, alianza kuongeza: "Mbio mama, inanyesha, inanyesha kabisa." Wazee wake wote wakawa mabingwa. Ilibidi turudilie kundi lake lote. Mukipima, musimushike mutu mukono, musitembee mbele yake, mukae nyuma kidogo kando yake, tayari kumudaka. Musiseme pole. Musiseme bravo. Mutasema mukimaliza. Kazi yetu ni kurudilia neno moja bila kulitia chumvi, na ni ngumu kuliko kubeba uzito.

Mama Kavira akapita kipimo, akaingia mu utafiti. Bado ilibaki kura: wamoja waanze mazoezi sasa, wengine baadaye, ili tuweze kulinganisha. Nilimuambia mbele kwamba kura ikimuangukia vibaya sitaibadilisha, hata akilia, hata miye nikilia. Akapata "sasa". Muzee Ramazani akapata "baadaye", akasema serikali imeingia mu kura.

Tukaanza na kiti. Tulitia matofali chini ya kile kiti chake, kikawa kirefu, anaondoka mikono imefungwa ku kifua, anakaa, anaondoka. Akizoea, tunatoa tofali. Alikuwa anatukana matofali yale moja moja, kila moja na jina lake. Halafu kubeba bidon za maji, kwanza nusu, kisha zaidi. Na chakula: maharagi, karanga, samaki kidogo ya ziwa kila mara ikipatikana, na makayabu yake mwenyewe tukamuomba aiache kwanza mu maji, chumvi itoke. Hapo alinitukana miye.

Siku moja Imani akaniita kunionyesha majibu ya damu kutoka laboratware. Mikono yake ilikuwa inapaa. "Kwa wengine, wageni wamepunguza ugomvi," akasema. "Kwa wengine sioni kitu. Nisiseme uongo, Mama Kine, damu bado haijatuambia yote." Nikamuambia magoti yenyewe yamesema. Akajibu kwamba njo kazi, kutafuta namna magoti na damu vitasema jambo moja. Mpaka leo anaendelea kutafuta, na ninyi mutamusaidia. Ninawaonea wivu, sifichi.

Maharagi ya Komanda yakavunwa. Paluku akafika na pikipiki mbili, moja ya mama, moja ya vitu, na kamba mpya begani. Nilikuwa pale, mama alikuwa amenitumia salamu kwamba nisikose. Matofali yalikuwa yameisha. Kiti kilikuwa chini kama zamani.

Paluku akasalimia, akaja mbele ya mama yake, akainama, akatia mikono chini ya makwapa yake, sawa vile alikuwa amezoea kumuinua.

"Toa mikono," mama akasema.

Akafunga mikono yake ku kifua. Akaondoka. Hakutikisika, hakushika meza, alipanda tu, polepole, mpaka akawa wima mbele ya mutoto wake, na Paluku akabaki ameinama, mikono wazi bila kitu ndani yake. Mama akarudi kukaa. Akaondoka tena, labda Paluku alifikiri ni bahati.

Paluku akaangalia chini. Nikaona anafuta uso na mukono wenye kamba. "Mama," akasema, "kitanda chako kule nimeshatandika."

"Kiache vile. Nitakuja kutembea." Akachukua kamba begani mwa mutoto wake, akazivuta kuona kama ziko na nguvu, akazipeleka mwenyewe ku kiwanja, kufungia shitingi ya mihogo. "Unasikia, Paluku? Kutembea. Na kurudi."